Maji ya Kisima na Daftari la Chama

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Taarifa ya fedha mmekwisha kuisikia, wala hatutairudia. Neno letu leo ni juu ya maji tunayoyanywa hapa Mombasa, na juu ya watoto wetu wa shule, ambao kwa maoni yetu wanaweza kutusaidia kuyalinda, ikiwa sisi wakubwa tutawaruhusu.

Tuanze na daftari la misaada, maana hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku katika ofisi ya chama. Daftari hilo lina safu tatu: jina la mwanachama, sababu ya msaada, na fedha zilizotolewa. Tulipokuwa tukilifunga kwa ajili ya mkutano huu tuliona kwamba katika safu ya sababu tumeandika mara nyingi "kuhara", "homa ya matumbo", "mtoto kulazwa". Tumelipa, tumetoa rambirambi, tumekwenda mazikoni. Lakini hakuna hata mahali pamoja tulipouliza: mgonjwa huyu alikuwa akinywa maji ya wapi? Kosa hilo ni letu sisi tushikao kalamu, na twaliungama mbele yenu.

Iko habari ya kale ionyeshayo thamani ya swali hilo. Mwishoni mwa Agosti mwaka 1854 kipindupindu kilizuka ghafula katika mtaa wa Soho mjini London, kikaua watu zaidi ya 600. Wakati ule wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya. Daktari mmoja, John Snow, hakuridhika. Alikwenda katika ofisi ya serikali iandikayo vifo, akapata orodha ya watu 83, kisha akazunguka katika mtaa akiuliza maji yao yalitoka wapi. Majibu yalimwelekeza kwenye pampu ya kisima kimoja katika Broad Street. Alipowaeleza wakuu wa mtaa, mkono wa pampu ile uliondolewa tarehe 8 Septemba.

Kasisi wa mtaa huo, Henry Whitehead, hakuyakubali maneno ya daktari, akaanza uchunguzi wake mwenyewe ili aonyeshe kwamba si kweli. Yeye aliwajua watu wale kwa majina, nao walimfungulia milango. Mwishowe uchunguzi wake ulithibitisha yale yale aliyokuwa akiyapinga. Tena ni yeye aliyegundua habari za mtoto mchanga aliyekuwa akihara, ambaye mama yake alifua nepi zake na kumwaga maji katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Shimo hilo lilipofukuliwa, matofali yake yalionekana yameharibika, nalo lilikuwa umbali usiotimia mita moja kutoka kisimani. Na maji ya kisima hicho, wazee wetu, yalikuwa yakisifiwa kwa utamu.

Twaona habari hiyo yatuhusu sana. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya pwani yake vimekaa juu ya jiwe la matumbawe, nalo ni jiwe lenye vishimo na nyufa. Mchanga mwembamba huyachuja maji polepole. Jiwe lenye nyufa huyapitisha mbio pamoja na vilivyomo. Wataalamu hushauri choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na huongeza kwamba katika mwamba wenye nyufa umbali huo huenda usitoshe. Ni viwanja vyetu vingapi vyenye mita 30 kutoka ukuta hata ukuta? Maji ya Mzima yaliletwa mjini kwa bomba katika miaka ya 1950, lakini mji umekua kupita maji yanayoufikia. Mfereji ukikauka, kila mtu hurudi kisimani, au hununua mtungi kwa mwenye mkokoteni bila kumwuliza ameujaza wapi.

Mwaka jana wanafunzi wa shule moja ya jirani walikuja na mwalimu wao kupima visima vya wanachama wachache. Walileta kamba yenye fundo kila mita, na vichupa vyenye karatasi iliyotiwa dawa. Njia hiyo ya vichupa ilielezwa na wataalamu wa India mwaka 1982. Maji hutiwa ndani, kichupa hufungwa, kikawekwa mahali penye joto siku moja au mbili. Ikiwa mna vijidudu vya namna ile iishiyo pamoja na kinyesi, hutoa gesi yenye salfa, na maji yakawa meusi. Hiyo si hukumu ya mwisho. Mara nyingine weusi huwa na sababu nyingine, wala kichupa kisichogeuka si hati ya usalama. Maji yanayoshukiwa hupasa kupelekwa maabara, na kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa isionekane hata bakteria moja ya E. koli. Hata hivyo, kichupa hicho humpa mtoto wa shule jicho la kuona kisichoonekana.

Kichupa kimoja kiligeuka kikawa cheusi kama wino. Maji yake yalitoka katika kisima cha mmoja wa wazee wetu, kisima ambacho kimehudumia arusi na matanga yetu miaka mingi. Nasi kwa pupa tukayasoma matokeo katika kikao, mbele ya watu wote. Mzee alisema kwamba maji yale ameyanywa tangu utoto wake, wala hawezi kuhukumiwa na watoto, akaondoka bila kuaga. Majuma mawili hatukumwona. Kisha akaja mwenyewe ofisini, akasema, "Wale watoto na waje tena, nami niwepo. Na kama ni kweli, niambieni mimi kwanza nyumbani kwangu, msinitangaze."

Walipima tena mbele yake, na kichupa kikawa cheusi tena. Yeye mwenyewe aliwashikia ncha ya kamba kutoka kisimani hata chooni: fundo kumi na moja. Alisimama kitambo, asiseme neno. Leo kisima hicho kina kifuniko, na kibao kisemacho kwamba maji yake ni ya kufulia na kuoshea tu. Maji ya kunywa ya nyumba ile ni ya mfereji, nayo huchemshwa. Ametupa idhini ya kusimulia habari hii pasipo kutaja jina lake.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini hata mwenye kufichua yampasa adabu. Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu maombi manne.

La kwanza, daftari la misaada liongezwe safu ya nne, iandikwe maji aliyokuwa akiyanywa mgonjwa.

La pili, wanafunzi waruhusiwe kupima visima vya wanachama, hasa baada ya mvua kubwa, wakifuatana na mwalimu na mzee mmoja wa chama. Kisima kiandikwe kwa namba, si kwa jina. Vichupa vilivyokwisha kutumika visifunguliwe na watoto. Mwalimu avitie dawa ya klorini kabla ya kuvimwaga.

La tatu, matokeo aambiwe kwanza mwenye kisima, nyumbani kwake. Lakini kabla jua la siku hiyo halijatua waambiwe pia wote wachotao hapo, na akina mama ndio wa kwanza, kwa kuwa wao ndio washikao ndoo. Heshima ya mwenye kisima ni kubwa, wala haipiti uhai wa mtoto wa jirani.

La nne, sehemu ya fedha za chama itumike kwa vifuniko, kuta za visima, na ndoo moja safi ya kuchotea kila kisima. Na sisi sote tuanze leo kumwuliza mwuza maji mtungi wake umetoka wapi, na kuchemsha maji ya kunywa hata yatokote sawasawa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yatupa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 69 chamtaka kila mtu ashirikiane na wengine katika kuyalinda mazingira. Haki tutaidai kwa wakuu, na barua tutaziandika sisi makarani. Lakini shimo lililo karibu na kisima chetu tumelichimba wenyewe.

Penye wazee haliharibiki neno. Twawaachia ninyi uamuzi, Bwana Mwenyekiti. Kalamu iko tayari, na safu ya nne tumekwisha kuipigia mstari.