Jukwaa Likianguka, Mwenye Kazi Ni Nani?



Anayepita Ganako akielekea lango la Ngorongoro huona ujenzi kila upande wa barabara. Nyumba za wageni zinajengwa, maduka yanapanuliwa, na shule zinapata madarasa mapya. Vijana hutoka mashambani kufanya vibarua vya kuchimba misingi na kubeba zege. Hiyo ni dalili njema. Lakini maendeleo ya wananchi hayapimwi kwa wingi wa kuta peke yake. Hapana budi kutazama pia hali ya wale waliozisimamisha.

Kwa muda mrefu usalama katika ujenzi umehesabiwa kuwa shauri la wakandarasi na wahandisi wa mijini. Dhana hiyo imepitwa na wakati. Mwaka 2021 Serikali ilitenga shilingi trilioni 1.3 kwa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, na katika mpango huo madarasa 15,000 yalikusudiwa kujengwa. Kazi nyingi za namna hiyo hufanywa na mafundi wa mahali penyewe, chini ya usimamizi wa kamati na wakuu wa shule. Utaratibu huo una manufaa: gharama hupungua, na fedha hubaki mikononi mwa wananchi. Lakini mwalimu aliyezoea chaki hujikuta ndiye anayenunua saruji, anayepatana na fundi na anayehimiza kazi. Mbele ya sheria, madaraka hayo yana mzigo wake.

Chukua mfano wa shule yoyote. Kamati imepatana na fundi kwa mdomo ajenge madarasa mawili na choo. Fundi ameleta vibarua sita. Majukwaa ni miti iliyofungwa kwa kamba. Shimo la choo limefika mita tatu bila kuwekewa mbao za kuzuia kingo, na mvua za masika zimekwisha kulowesha udongo. Asubuhi moja jukwaa linakatika na kibarua anavunjika mguu. Siku hiyo hiyo maneno huanza. Kamati husema, "Huyo ni mtu wa fundi." Fundi husema, "Mwenye kazi ni shule." Shule husema kwamba fedha ni za halmashauri. Wakati wakubwa wanasukumiana lawama, ndugu wa majeruhi wanauza mbuzi ili walipie matibabu.

Sheria haikuliacha jambo hilo wazi kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo kwa mfano namna anavyofanya kazi au saa zake za kazi ziko chini ya maelekezo ya mwingine. Kwa hiyo neno "kibarua" haliwi ngao ya anayemtuma. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha kuwa mahali pa kazi pana usalama. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliunda Mfuko ulioanza kazi mwaka 2015, ili mfanyakazi aliyeumia kazini afidiwe bila kudaiwa kwanza ushahidi wa uzembe wa mwajiri. Na mfanyakazi aliyedhulumiwa ujira anaweza kupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Akipinga kuachishwa kazi, ana siku 30.

Ni wazi basi kwamba haki zipo. Kinachokosekana ni karatasi. Kibarua ambaye jina lake halikuandikwa popote atathibitishaje kwamba alikuwa juu ya jukwaa lile? Atajuaje kwamba siku zake zinahesabiwa? Makampuni makubwa yakigombana hutumia mikataba na wanasheria, na Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, husaidia kusuluhisha migogoro yao. Kibarua wa Ganako ana mikono yake tu.

Mabishano ya namna hii si ya Karatu peke yake. Jengo la ghorofa lililoporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013 liliua watu 36. Baadaye mahakamani swali lilikuwa lile lile: nani alipaswa kuzuia nini? Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo na kuua watu wasiopungua 29. Kila mara wajibu hutafutwa chini ya kifusi, ilhali mahali pake ni juu ya meza, kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Kwa hiyo kamati ya shule haina budi kufanya mambo matatu kabla ya kazi kuanza. Kwanza, mapatano yaandikwe, yakitaja nani anasimamia usalama na nani analeta kofia ngumu, viatu na mbao za majukwaa. Pili, daftari la mahudhurio liwepo, na kila kibarua aandikwe kila siku. Tatu, gharama za usalama ziingizwe katika makadirio kama saruji na mabati zinavyoingizwa.

Lakini itakuwa dhuluma kumwachia mwalimu mkuu mzigo huu peke yake. Mhandisi wa halmashauri afike mahali pa kazi wakati msingi unachimbwa, asingoje siku ya kukabidhi jengo. Viongozi nao wajichunguze. Kiongozi anayefika na kuuliza tu, "Jengo litakwisha lini?" anawafundisha mafundi kwamba tarehe ina thamani kuliko mtu. Aulize pia: jukwaa limekaguliwa na nani?

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye dharau na uonevu kwa wafanyakazi. Kumpandisha kijana wa mkulima juu ya miti iliyooza, kisha kumkana akianguka, ni dharau hiyo hiyo. Anayeamuru kazi ifanyike na akubali kuitwa mwenye kazi siku ya ajali.