Ng'ombe wa Maziwa: Yupi Atufaaye?



Mwaka huu wanachama wengi wametuuliza kama fedha za mkopo zitumiwe kununua Friesian. Ni kweli kwamba kwa wingi wa maziwa hana mpinzani. Lakini twawaomba mkumbuke mtamba wetu wa kwanza, aliyenunuliwa kwa bei kubwa, na kabla hajazaa akafa kwa ndigana kali. Maradhi hayo huenezwa na kupe wa masikio. Sisi tulimwogesha tulipokumbuka tu, nasi twaungama. Ng'ombe wa asili aliyezaliwa penye kupe huwa na kinga. Yule mgeni hakuwa nayo.

Tena Friesian hula sana, na asiposhiba hukonda, maziwa yakapungua, hata mimba asishike. Mwenye eka mbili na amtazame Jersey: umbo lake dogo, chakula chake kichache, na mafuta katika maziwa yake hukaribia sehemu 5 katika 100, hali ya Friesian kwa kawaida hayafiki 4. Ayrshire yu katikati yao.

Kwa ndugu zetu wa nchi kavu kuna Sahiwal, mwenye nundu, ambaye asili yake ni Punjab. Aliletwa Kenya tangu mwisho wa miaka ya 1930, na mwaka 1962 kundi la taifa likawekwa Naivasha. Hustahimili jua na kupe, ila majike wengine hukataa kushusha maziwa ndama asipokuwapo. Mkamaji awe na subira!

Njia ya gharama ndogo ni kuzalisha chotara. Jike la asili hupandishwa kwa mbegu ya fahali wa kigeni. Kituo cha Kabete kimekuwapo kwa kazi hiyo tangu 1946. Ndama wa kwanza hupata maziwa ya upande mmoja na ugumu wa upande wa pili. Lakini chotara akipandishwa na chotara mwenzake, wazao hutofautiana sana, na nguvu ile hupungua. Kwa hiyo kila mfugaji aandike daftarini nambari ya fahali, asije akampandisha binti kwa baba yake.

Kamati imekata shauri: mkopo hautatolewa mpaka majani ya Napier yameota shambani, na mwombaji ameonyesha mahali atakapoogeshea ng'ombe wake kila juma. Maombi yapokewe kwa mwandishi wa chama.