Mweka Hazina wa Shule Naye ni Mlinzi wa Mageuzi

Hotuba kwa wazazi na wapenda mageuzi



Nimeombwa niseme machache juu ya cheo ambacho kila mkutano wa wazazi hukikimbia. Unapofika uchaguzi wa mwenyekiti, mikono huinuka kwa wingi. Unapofika uchaguzi wa mweka hazina, kila mtu huinamisha kichwa, na mwishowe cheo humwangukia yule ambaye hakuhudhuria. Nimekuja kuwasihi msikikimbie tena, na sababu yangu ya kwanza ni ya aibu.

Mwaka 1997 nilikuwa miongoni mwa maelfu waliodai mageuzi ya katiba kabla ya uchaguzi. Tulipaza sauti tukitaka serikali itoe hesabu ya kila senti ya umma. Mwaka uliofuata wazazi wa shule moja ya msingi walinichagua kuwa mweka hazina wao. Tulikuwa tumechanga fedha za kujenga darasa. Nilikuwa na shughuli zangu, na safari ya benki ilikuwa ndefu. Basi mwalimu mkuu aliponiomba nitie sahihi hundi tatu tupu ili kazi isikwame, nilitia. Mwisho wa mwaka fedha zilikuwa zimekwisha, na darasa lilikuwa kuta bila paa. Nilipotaka kuuliza, niliona sahihi yangu juu ya kila hundi. Watoto walisoma chini ya mti mihula miwili zaidi. Sikuiba hata shilingi moja, lakini nilimfungulia mlango aliyetaka kuingia.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipong'amua kwamba wizi wa mali ya umma hauhitaji mwizi peke yake. Unahitaji pia mtu mwema aliyechoka kusoma karatasi. Fikirini kashfa ya Goldenberg ya mapema miaka ya 1990, ambapo mabilioni ya shilingi yalilipwa kwa dhahabu na almasi ambazo hazikuuzwa nje kama ilivyodaiwa. Miongoni mwa waliosaidia kuifichua alikuwa David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, aliyezisoma hati zilizopita mezani pake na kuona kwamba haziambatani na ukweli. Alikamatwa mwaka 1993, akapoteza kazi, na akafariki mwaka 2006 akiwa maskini. Hakuwa mbunge wala waziri. Silaha yake ilikuwa jicho la kusoma hesabu na moyo wa kukataa kunyamaza.

Wengi wetu tulidhani kwamba kifungu cha 2A kilipofutwa mwezi wa Desemba 1991, vyama vingi vingetuletea uwajibikaji vyenyewe. Havikuleta. Tunaweza kuwa na vyama hamsini vya siasa, na shule yetu ikaendelea kutawaliwa na mtu mmoja mwenye ufunguo wa sanduku. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakubagua hazina ya taifa na sanduku la shule.

Sheria haituzuii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inatambua chama cha wazazi katika kila shule ya umma. Inasema pia kwamba hakuna mtu atakayekusanya michango bila kutoa stakabadhi rasmi, na kwamba mtoto asifukuzwe kwa kukosa kulipa ada nyinginezo zilizoidhinishwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, inataka uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Kilichobaki ni mtu wa kuyatenda hayo siku ya Jumamosi, bila mshahara.

Kuna atakayesema, "Mimi sikusomea uhasibu." Mama anayeendesha kibanda cha mboga na kujua nani amekopa na nani amelipa, anajua uhasibu wa kutosha. Ashike mambo haya machache. Kila mchango upate stakabadhi yenye namba. Fedha zifike benki kabla ya kutumiwa. Siku hizi ambapo michango hutumwa kwa simu, zisiingie katika simu ya mtu binafsi, hata kama ni mtakatifu. Hundi isitiwe sahihi kabla ya kuandikwa jina na kiasi, na watia sahihi wasiwe chini ya wawili. Taarifa ya benki isomwe mbele ya wazazi kila muhula, na wazazi wawili wasio katika kamati walilinganishe daftari na stakabadhi.

Hata nauli ya mweka hazina iandikwe. Kujitolea si kujificha. Nauli inayotolewa mfukoni kimya kimya leo, kesho humfanya mtu ajihisi anadai, na anayejihisi anadai hujilipa.

Nanyi mtakaomchagua, msimwache peke yake. Akikataa kutia sahihi, ataitwa mkaidi, adui wa maendeleo, pengine mpinzani. Siku hiyo simameni naye. Mweka hazina asiyeulizwa huharibika, na mweka hazina asiyetetewa huvunjika moyo.

Lile darasa hatimaye lilipata paa, kwa mchango wa pili wa wazazi wale wale waliokwisha kuchanga. Walilipa mara mbili kwa sababu ya sahihi zangu tatu. Deni hilo siwezi kulirudisha. Naweza tu kuwaomba kwamba leo, cheo hiki kitakapotajwa, mmoja wenu asiinamishe kichwa, bali ainue mkono.