Jina Tulilopewa Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanaukoo)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kuhifadhi heshima ya nafsi mbele ya ubaguzi. Mimi si mtaalamu wa jambo hili. Ni mmoja tu wa waliojeruhiwa nalo, na jeraha langu nusura nimrithishe mwanangu.

Nilipoanza kazi hapa Uingereza mwaka 1972, msimamizi wangu alilitazama jina langu, akacheka, akasema halitamkiki. Tangu siku hiyo akaniita Sam, nami nikaitika. Nilijiambia kwamba jina halishibishi, na kwamba mgeni hana budi kuvumilia. Niliitika hivyo miaka tisa. Kisha siku moja mwalimu wa mwanangu akaniuliza kwa nini mtoto hataki kuitwa kwa jina lililoandikwa daftarini. Mtoto akajibu kabla yangu: "Baba naye ana jina la kazini." Ndugu zangu, kicheko cha msimamizi hakikupata kuniliza; maneno haya yaliniliza.

Hapo nilitambua kuwa dharau ni za aina mbili. Ya kwanza ni ile anayokutupia mwingine, na aibu yake ni juu yake. Ya pili ni ile unayoiokota ukaingia nayo nyumbani, watoto wakaikuta. Wataalamu wawili wa Marekani, Kenneth na Mamie Clark, walilidhihirisha jambo hili katika miaka ya 1940. Waliwaonyesha watoto weusi wanasesere wa rangi mbili, na wengi wao wakamchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Hakuna aliyezaliwa na fikra hiyo. Waliikuta duniani wakaiokota.

Wala kujihifadhi si kunyamaza. Mwaka 1963, watu weusi na Waasia walinyimwa kazi ya ukondakta katika mabasi ya mji wa Bristol. Wakazi, Paul Stephenson akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliyasusia mabasi hayo kwa muda wa miezi minne hivi, mpaka marufuku hiyo ikaondolewa mwezi wa Agosti. Sheria ya mwaka 1965 ilikataza ubaguzi mahali pa hadhara; ya mwaka 1968 ikaingia katika ajira na nyumba; na leo tunayo Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Basi ukibaguliwa kazini, andika tarehe, maneno yaliyosemwa na majina ya mashahidi, kisha upeleke malalamiko yako. Anayedai haki yake haombi kupendwa.

Lakini nasi tujihukumu. Katika ukoo huu, ulioenea toka Unguja na Mombasa hadi Maskati na hapa, tumewahi kuwapima watoto wetu kwa weupe wa ngozi na ulaini wa nywele. Wakati wa posa tumelitumia neno la utumwa kuwa tusi juu ya damu yetu wenyewe. Mtoto aliyedharauliwa na shangazi yake atasimamaje mbele ya mgeni anayemdharau?

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni lugha yetu, majina yetu, na wema wa kila mmoja kwa mwenzake. Kesho yake mimi nilirudi kazini, nikamtajia msimamizi jina langu, silabi kwa silabi. Ilimchukua wiki mbili, lakini alilijua. Mwanangu yumo humu ukumbini, na mtoto wake wa kwanza amempa jina la babu yangu.

Nawaombeni basi, jioni ya leo kabla hatujaagana, kila mzee aketi na mtoto mmoja, amweleze jina lake limetoka kwa nani, na mtu huyo alikuwa mtu wa namna gani.