Mtoto Wangu Hataki Mlenda

(Mazungumzo na wanakamati wa parokia, Dodoma)

Tukiwatembelea wazazi vijijini tunasikia lalamiko moja: "Mtoto wangu hataki mlenda." Asemaye hivyo mwenyewe alikuzwa kwa ugali wa uwele na mlenda, na ndani kwake upo mlenda uliokaushwa unangoja kiangazi. Mtoto anataka biskuti na chai ya sukari. Tukiuliza alianzishiwa chakula gani, jibu ni uji mweupe wenye sukari, basi.

Mtoto huyo si mkaidi. Kila mtoto huzaliwa akipenda utamu na kukataa uchungu. Ladha nyingine huzizoea, na kuzoea huanza mapema kuliko tulivyodhani. Anachokula mama huacha ladha yake katika maji yanayomzunguka mtoto tumboni, kisha katika maziwa ya kifua. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walitangaza jaribio moja. Akina mama wengine walikunywa juisi ya karoti wakiwa wajawazito, wengine wakinyonyesha, wengine walikunywa maji tu. Watoto walipoanza kula, wale walioonja karoti kupitia kwa mama zao hawakukunja uso sana walipopewa uji wenye karoti.

Sisi juisi ya karoti hatuna, lakini tuna mlenda, majani ya kunde, karanga na ubuyu. Mama anayevila huku akinyonyesha anamzoesha mwanawe chungu cha nyumbani. Maziwa ya kopo ladha yake ni ile ile asubuhi na jioni, na kwetu maji safi ya kuyachanganyia ni taabu. Ndugu wafadhili mnaouliza kama mtume makopo, tunawashukuru sana, lakini msitume.

Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, na kunyonya kuendelee hadi miaka 2 au zaidi. Mama mwenye VVU afuate dawa na ushauri wa kliniki. Baada ya miezi 6 mtoto aonjeshwe mboga laini. Akitema, apewe tena siku nyingine, hata mara 8 au 10. Wengi wetu huacha mara ya tatu. (Bibi ndiye mwenye subira hiyo, mama anawahi shambani.)

Sasa nije kwetu. Uji wa chekechea yetu tunaupika kwa fedha za kamati, na mimi ni mmoja wa waliopitisha sukari, nikiona ni huruma. Napendekeza sukari ipunguzwe kidogo kidogo, na fedha hizo zinunue karanga za kusaga. Wazazi watasema kamati imekuwa bahili. Wiki ya kwanza vikombe vingine vitarudi vimejaa. Naomba tusirudi nyuma kwa sababu hiyo.

Karanga tuzinunue baada ya mavuno, bei ikiwa chini. Tusisahau mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu Dodoma na Manyara. Zikaushwe sawasawa, zichambuliwe, zenye ukungu zitupwe, wala wasipewe kuku. Mwenye ghala kavu lisilo na panya amwone mwenyekiti kabla hatujatawanyika.