Kuihurumia Betri: Mazungumzo Juu ya Taa za Vyombo Vyetu

(Maneno yaliyosemwa na Katibu wa Muungano mbele ya wanachama na wageni, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Wenzangu waliotangulia wamekwisha kueleza jinsi Muungano wetu ulivyoanza, mali uliyoikusanya, na taabu ulizozipita. Wameeleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi, niliyeishia kidato cha nne na kujifunza mengine yote katika madaftari ya vyama vyenu. Kwa hivi sitayarudia. Nimeombwa niseme juu ya jambo moja tu, nalo ni taa: taa za mashua na majahazi yetu, na kazi tuliyoianza ya kuondoa balbu za zamani na kuweka taa hizi mpya ziitwazo LED. Mtu aweza kudhani kuwa jambo hili ni dogo mno kwa siku kubwa kama hii. Lakini, ndugu zangu, nilikaribia kufa kwa sababu ya taa, na sikuwa peke yangu chomboni.

Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa nilisafiri na ami yangu katika mashua yake, tukivuka usiku bahari iliyo baina ya Unguja na bara. Upepo ulikuwa wa kusi, na mwezi ulikuwa haujatoka. Chombo kilikuwa na betri moja, na taa zake zilikuwa za balbu, zenye kula umeme kama moto ulavyo makuti. Ilipopata saa nne za usiku ami akaamuru taa za njiani zizimwe, ili betri isaze nguvu ya kuwasha taa kubwa ya sitahani wakati wa kushusha mzigo. Basi tukaenda gizani. Kabla ya alfajiri tulisikia honi, na mara ubavu wa meli ukapita kando yetu kama ukuta wa ghorofa. Mawimbi yake yakatuzungusha, na kihori tulichokuwa tukikikokota nyuma kikapondwa kabisa. Hakuna aliyekufa. Kulipokucha, baharia mmoja alimwuliza ami kwa nini alizima taa. Akajibu kwa sauti ya chini, "Nilikuwa naihurumia betri."

Maneno hayo hayajanitoka moyoni mpaka leo. Ami yangu hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa nahodha hodari, ajuaye nyota na miamba. Lakini alikuwa na hesabu mbele yake, na hesabu ile ilimkatalia. Naomba mniruhusu niifanye hesabu hiyo hapa mbele yenu, maana ndiyo mzizi wa maneno yangu yote.

Chombo chenye kwenda kwa tanga usiku chapaswa kuonyesha taa ya kijani upande wa kulia, taa nyekundu upande wa kushoto, na taa nyeupe nyuma, tezini. Taa hizo ziwake tangu jua kuchwa mpaka kucha. Hayo ndiyo yaliyoandikwa katika Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika tarehe 15 Julai 1977. Kwetu huku karibu na Ikweta usiku haupungui sana wala hauzidi. Mwaka mzima ni kama saa 12. Sasa chukua balbu tatu za kizamani za wati 10 kila moja. Zikiwaka saa 12 zitakula wati 30 mara 12, yaani 360. Ongeza taa ya sitahani ya wati 50, iwashwe saa nne tu wakati wa kazi: hiyo ni 200. Jumla 560. Betri ya volti 12 yenye ampea 100 kwa saa ina 1,200, lakini betri ya risasi na tindikali haifai kunywewa zaidi ya nusu, maana huharibika upesi. Nusu yake ni 600. Basi kwa usiku mmoja betri imekwisha, na redio haijaguswa. Bandu bandu huisha gogo.

Hesabu ya taa za LED ni nyingine. Taa tatu za njiani zaweza kutosheka na wati 2 kila moja. Kwa saa 12 ni 72. Taa ya sitahani ya wati 10 yatoa mwanga ulio sawa na ile ya 50. Kwa saa nne ni 40. Jumla ni 112, ambayo ni moja ya tano ya ile ya kwanza. Paneli ndogo ya sola yaweza kuirudisha nguvu hiyo mchana. Sababu yake ni kwamba balbu ya zamani huchoma uzi mwembamba mpaka ung'ae kwa joto, na sehemu kubwa ya umeme hugeuka joto. Taa ya LED haina uzi wa kuungua. Umeme hupita katika kipande kidogo kilichotengenezwa kwa namna ya pekee, nacho hutoa nuru chenyewe.

Ujuzi huu haukupatikana kwa siku moja. Mwaka 1962, Nick Holonyak wa Marekani aliitengeneza LED ya kwanza yenye nuru nyekundu ionekanayo kwa macho. Nuru ya buluu yenye nguvu iliwasumbua wataalamu muda wa miaka thelathini hivi, mpaka Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipoipata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa kazi hiyo walipewa Nishani ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Nuru ya buluu ndiyo iliyotuwezesha kupata taa nyeupe, kwa kuifunika kwa unga wa manjano. Nawaomba mlikumbuke jambo hili la buluu na manjano, kwa sababu nitalirudia, na nitalirudia kwa aibu.

Ndugu wanachama, sherehe ni siku ya kujisifu, lakini ushirika usiosema kweli hauna umri. Miaka mitatu iliyopita mimi ndimi niliyeshauri tununue taa za LED kwa fedha ya Muungano. Nilipata bei nafuu, nikajisifu mbele ya kamati. Kusi ile haikumalizika kabla ya taa nyingi kufa au kuwaka kwa kukonyeza. Wapo manahodha waliorudisha balbu zao za zamani, na wapo waliorudia desturi ya ami yangu, ya kwenda gizani. Lawama hiyo ni yangu. Wahenga walisema rahisi ghali, nami nililijua neno hilo tangu utotoni nisilifuate. Lakini hasara isiyofundisha ni hasara mara mbili. Kwa hivi nitawaeleza tuliyojifunza.

La kwanza ni nguvu ya umeme. Betri tuiitayo ya volti 12 haikai katika 12. Ikichoka hushuka, na injini au sola ikiijaza hupanda kupita 14. Taa zile hazikuwa na kifaa cha kusawazisha nguvu hiyo, basi zikaungua zilipowashwa nayo imepanda. Taa ya chombo iwe ni ile iliyoandikwa kuwa yastahimili kupanda na kushuka huko.

La pili ni rangi. Tulichukua LED nyeupe tukazitia nyuma ya vioo vyekundu na vya kijani vya taa za zamani. Nuru nyeupe ile, kama nilivyosema, ni buluu na manjano. Wekundu uliomo ni mchache. Kwa hiyo taa nyekundu ilikuwa hafifu, na ya kijani ikaelekea ubuluu. Nahodha wa meli akiona taa asiyoitambua, hajui chombo chaelekea wapi. Nyuma ya kioo chekundu itiwe LED nyekundu, na nyuma ya kijani itiwe ya kijani. Na lililo bora ni kununua taa nzima iliyotengenezwa na kupimwa kwa kazi ya bahari. Kwa chombo kisichofika mita 12, taa za pembeni zionekane maili moja ya bahari, na ya tezini maili mbili.

La tatu ni chumvi. Taa yenyewe ilikuwa imezibwa vizuri, lakini maungio ya nyaya tuliyafunga kwa utepe tu. Maji ya chumvi yakaingia, shaba ikageuka kijani. Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, maungio yazibwe kabisa, na fyuzi iwekwe karibu na betri.

La nne halikuonekana kwa macho, bali lilisikiwa. Baadhi ya taa hizi hutoa kelele ya umeme inayoizuia redio. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa onyo juu ya jambo hilo mwaka 2018. Kupima si kazi ngumu: zima taa zote, weka redio katika chaneli iliyo kimya, rekebisha mpaka mlio utoweke tu, kisha washa taa moja moja. Mlio ukirudi, taa hiyo haifai. Nahodha asiyesikia chaneli 16 ni kama kiziwi katika soko linaloungua.

Sasa nafika kwenye neno ambalo wengine hawatalipenda. Taa zetu nyingine zilipona, hasa zile kubwa za sitahani. Basi vijana wetu, walipoona kuwa nuru imekuwa rahisi, wakazidisha. Leo utaiona mashua imewasha taa nyeupe tatu na nne, tangu omo mpaka tezi, nayo yaenda kwa tanga kama ukumbi wa harusi. Yapendeza kwa macho, lakini ni hatari. Kanuni zile zakataza kuonyesha taa nyingine yoyote iwezayo kudhaniwa kuwa ni taa ya njiani, au kuififisha, au kuwazuia walinzi wasiangalie vema. Mng'ao wa sitahani huimeza taa nyekundu na ya kijani, hata ikawa kama haikuwashwa. Tena humpofusha nahodha mwenyewe. Jicho lahitaji kama nusu saa kuzoea giza, nalo hulipoteza zoea hilo kwa mwangaza wa mara moja. Aliyezima taa zote haonekani. Aliyeziwasha zote haoni. Wote wawili wako gizani.

Basi fundisho langu ni hili: ile nguvu tuliyoiokoa isitumike kuongeza mng'ao, bali itumike kuziwasha taa za njiani usiku kucha, bila mtu kuihurumia betri. Taa ya sitahani ielekezwe chini, ifunikwe pembeni, iwe na swichi yake peke yake, na izimwe kazi ikiisha. Wala wasiweke taa nyekundu ya sitahani mahali pa kuonekana nje, maana wa mbali ataidhania ni taa ya kushoto. Wenye injini wakumbuke kuwa injini ikifanya kazi, hata kama tanga limepandishwa, chombo chahesabiwa cha injini, na taa nyeupe ya juu yapasa kuwaka pamoja na za pembeni. Na wenye vyombo vidogo visivyotimu mita 7, wasioweza kuweka taa zote hizi, wawe na kurunzi au fanusi inayowaka karibu na mkono, waionyeshe mapema. Kurunzi iliyomo ndani ya sanduku si kurunzi.

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu, nayo nitayapeleka katika Mkutano Mkuu yapigiwe kura. Kwanza, Muungano usinunue taa nyingi kabla ya taa mbili au tatu za namna hiyo kukaa baharini kusi nzima na kaskazi nzima katika vyombo vyetu wenyewe. Pili, kila chama kimchague mtu mmoja wa kukagua taa kabla ya safari, naye asiwe mwenye chombo. Tatu, hasara ya taa zile za kwanza iandikwe wazi katika hesabu za mwaka pamoja na jina la aliyeshauri, yaani langu, ili katibu atakayenifuata asijikwae katika gogo lile lile.

Mtu mmoja mwenye mashua moja hawezi kununua taa njema, kuzijaribu mwaka mzima, na kuwalipa mafundi. Sisi tukiwa pamoja twaweza. Ami yangu alikuwa peke yake na betri yake. Hakuwa na chama cha kumshika mkono, na kwa ajili hiyo alichagua giza. Amekwisha kustaafu bahari, na leo ameketi pale mbele, naye amenipa ruhusa kuyasema haya. Wazee wetu walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nasi tuombe kuwa kila atakayetoka bandarini kwetu usiku ataonekana njia nzima, na atarejea.