Mzazi Mzee na Mlima wa Pango la Hira

Leo tunazungumza nawe unayejiandaa kumpeleka mzazi wako Hija au Umra. Wengi wakifika Makka hutamani kupanda Jabal Nur, mlima wenye Pango la Hira, ambapo Mtume Muhammad (S.A.W.) aliteremshiwa wahyi wa kwanza.

Mlima huo ni mkali. Una ngazi zaidi ya 1,000 na kivuli ni haba. Joto nalo si la kuchezea. Juni 2024 lilifika nyuzi 51.8 mjini Makka, na katika Hija hiyo walifariki mahujaji zaidi ya 1,300, wengi wao baada ya kutembea mwendo mrefu juani.

Kumbuka, kupanda mlima huu si nguzo wala wajibu wa Hija au Umra. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au magoti mabovu asipande. Anayetumia dawa za presha au sukari amuone daktari kabla ya safari.

Mkipanda, ondokeni kabla ya alfajiri. Mpumzishe mara kwa mara na umpe maji hata asipoyaomba, kwani wazee huchelewa kuhisi kiu.

Akipata kizunguzungu au kichefuchefu, simameni, apumzike kivulini, kisha mteremke polepole. Akianza kuweweseka au akizirai, hiyo ni dharura. Piga simu 997, mlegeze nguo, mmwagie maji na umpepee. Aliyezirai usimnyweshe kitu.

Mzazi akikasirika kwa kukatazwa, mvumilie. Muhimu ni arudi nyumbani salama.